Tusimuuze Bihogo Ili Tufungue Duka

Kila asubuhi Béata alianza kazi kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Lushebere, huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Alikamua ng'ombe wao watatu, na mumewe, Dusabimana, akawashika ndama. Kisha majirani walileta maziwa yao katika vidumu vya njano. Béata aliyamimina yote katika sufuria moja kubwa.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Aliyapasha maziwa moto kidogo, akatia dawa ya kugandisha, akangoja. Yalipoganda, aliyakata kwa kisu kirefu, akachuja maji, akakandamiza yaliyobaki ndani ya kopo la mviringo. Vitabuni tunaandika jibini. Watu wa Masisi wanasema fromage, na ukibishana nao watakucheka mpaka ukubali.

Maji yaliyochujwa hayakumwagwa. Wanawake wa kambi ya watu waliokimbia vita walikuja na masufuria yao, Béata akawagawia bure, nao wakaenda kupikia watoto uji.

Jibini iliwekwa kwenye mbao, katika chumba cha nyuma chenye baridi. Kila siku Béata aliifuta kwa maji ya chumvi na kuigeuza. Zamani chumba kile hakikujaa. Kila baada ya wiki mbili alikuja Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo, na lori lake la kupeleka bidhaa Goma. Nzanzu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikatiwa kipande kidogo, akakionja, akafumba macho. Akisema "iko bien", yaani ni nzuri, alinunua yote. Asiyeonja hanunui: hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya jibini tangu enzi za wazee.

Lakini mwaka ule vita vilikuwa vimekaribia. Barabara ya kwenda Goma ilifungwa na kufunguliwa bila kumuuliza mtu. Leo magari yanapita, kesho hayapiti. Papa Nzanzu alilipeleka lori lake kwenye barabara nyingine. Jibini zikabaki chumbani. Kumi, ishirini, thelathini. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini kizuri kilichofungiwa chumbani kinajiuza kwa nani? Kwa panya tu.

Jioni moja Dusabimana alirudi kutoka Masisi mjini akiwa na uso wa furaha. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Mama Tumukunde," alimwita mkewe kwa jina la binti yao wa kwanza, "shida yetu imekwisha. Nimekutana na technicien wa Goma, anaitwa Archange. Anatengenezeaka watu duka mu internet. Inaitwa site. Muntu wa Goma, wa Bukavu, hata wa Ulaya, anafungua, anaona fromage yetu, ananunua."

"Muzuri," alisema Béata. "Na iko bei gani?"

Dusabimana alikohoa kidogo. "Dola mia tatu na makumi tano."

"Tutazitoa wapi?"

Mume alitazama zizi. Béata alitazama alikotazama mumewe.

"Hapana," alisema.

"Tutauzisha Bihogo. Nimeisha kuongea na muntu mumoja. Anaweza kuja."

Lazima nikueleze, msomaji, Bihogo alikuwa nani. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye maziwa mengi kuliko wale wawili wengine wakijumlishwa. Lakini si hilo tu. Bihogo alikuwa ng'ombe wa urafiki. Mwaka waliooana, mjane mmoja wa kilima cha pili, Mama Nyiramana, aliwapa Bihogo akiwa bado mtamba, jike ambaye hajazaa. Hakudai hata senti. Desturi ni kwamba ukipewa ng'ombe hivyo, ndama wa kwanza wa kike unamrudishia aliyekupa. Bihogo alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili dume. Tena mwaka uliopita watu wenye bunduki walikuja usiku kwenye kilima cha Mama Nyiramana, wakachukua ng'ombe wake wote kumi na mmoja. Mama yule alibaki na fimbo ya kuchungia na zizi tupu. Sasa Bihogo alikuwa na mimba tena.

"Mama Nyiramana iko namungojea huyu ndama," alisema Béata. "Tukimuuzisha Bihogo na mimba yake, tutamuambia nini?"

"Iko mama muzuri. Ataelewa."

"Yeye ataelewa. Mimi njo sitaelewa."

Dusabimana alivaa kofia yake, akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuona jibini zikikaa, na mtu aliyechoka hushika dawa ya kwanza anayoonyeshwa.

Kesho yake Béata alikwenda mjini kununua chumvi. Alinunua kwa Mama Kavuo, mwanamke wa Butembo mwenye butiki ya vitenge na vyakula karibu na parokia. Kavuo alikuwa mnene, mcheshi, na macho yake hayakukosa kitu.

"Karibu, dada. Chumvi njo umefuata, ao umefuata pa kulilia?"

Béata alijaribu kucheka, akashindwa. Alieleza yote: lori la Nzanzu, chumba kilichojaa, site, na Bihogo. Kavuo alimsikiliza huku akipima chumvi. Béata alipomaliza, Kavuo aliiweka chumvi kando.

"Sasa mimi nikuulize. Fromage yako, watu gani wanakulaka?"

"Watu wa Goma."

"Na watu wa Goma wakiamuka asubuhi, wanafungua nini mu telefone yao?"

Béata alifikiri. Alimfikiria mdogo wake Emérita, anayeishi Goma. "WhatsApp."

"Basi. Duka unaiweka penye watu wanapitaka. Hapana penye unatamani wapite. Ukijenga butiki nzuri mu pori, nyoka njo watakuja kununua."

Kavuo alitoa simu yake mfukoni. Haikuwa simu ya bei kubwa. Alifungua na kumwonyesha Béata vitenge vimepangwa picha kwa picha. Chini ya kila picha kulikuwa na jina, bei na maneno mawili matatu.

"Hii ni WhatsApp ya biashara. Hapa penye picha panaitwa katalogi. Muntu anaona, anachagua, ananiandikia palepale. Iko bure. Mimi ninalipa mega za internet tu, kama kawaida. Mwezi nikikosa kuuzisha, hainidai kitu."

"Na site inadaiaka?"

"Umuulize ule technicien. Ile ya kwanza unalipa leo. Uliza ya mwaka kesho njo ngapi. Uliza nani atabadilisha bei wakati bei inabadilika. Na umuombe afungue site moja hapa Masisi, na réseau yetu hii, huu mtandao wa simu, mbele ya macho yako. Duka ya muntu mudogo haifai kukula siku yeye mwenyewe hajakula."

Béata alilipia chumvi. "Lakini Mama Kavuo, barabara imefungwa. Hata nikiwa na katalogi, fromage itapita wapi?"

"Haifungwake siku zote. Inafunguka siku moja, nusu siku. Kama hauna commande, watu wenye wameisha kuagiza, ile siku inapita, wewe uko natafuta wateja. Kama uko na commande, unajua hii ni ya nani, ile ni ya nani. Barabara inafunguka asubuhi, saa sita fromage iko njiani."

Béata alirudi Lushebere na chumvi kichwani na maswali yale moyoni. Usiku alimwambia mumewe yote. Dusabimana alinuna. Lakini asubuhi alisema, "Twende wote wawili. Tumuulize Archange."

Walimkuta Archange kwenye kibanda cha kuchajia simu. Alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu. Dusabimana alimwomba afungue duka moja alilotengeneza. Archange alichagua duka la viatu la mteja wake wa Goma. Kakiduara kadogo kakaanza kuzunguka kwenye kioo cha simu. Kakazunguka. Dusabimana aliagiza chai, akainywa, akaimaliza. Kakiduara kalikuwa bado kanazunguka.

"Réseau ya huku iko mubaya kidogo," alisema Archange.

"Kidogo?" aliuliza Béata.

Archange alicheka, nao wakacheka. Kisha Béata akauliza la mwaka wa pili na la kubadilisha bei. Archange alivua miwani, akaifuta.

"Mama, siwezi kukudanganya. Kila mwaka kuna pesa ya kulipa, ju site isifungwe. Bei ikibadilika, mutaniita mimi. Na watu wengi wa Goma, hata wakiona kitu mu site, mwisho wanapiga telefone. Site iko muzuri kwa duka kubwa, yenye iko na muntu wa kuiangalia kila siku. Mukifika pale, nitawatengenezea, na nitafurahi."

Basi, mtaalamu wa kweli unamjua hapo. Anakuambia hata lile litakalomkosesha kazi.

Njiani kurudi Dusabimana alitembea mbele mpaka walipofika mtoni. Ndipo alisimama.

"Tujaribu hii ya Mama Kavuo. Wiki mbili. Lakini Mama Tumukunde, nisikilize. Vendredi, Ijumaa ya wiki ya pili, fromage zikiwa bado mu chumba, Bihogo anaenda. Watoto hawawezi kukula fromage tupu kila siku."

"Wiki mbili," alisema Béata. Aliogopa, lakini alikubali.

Kavuo aliwasaidia kufungua duka kwenye simu ya Béata, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Waliliita Fromage ya Mama Béata. Walipiga picha mchana, karibu na mlango, jibini ikiwa juu ya kitambaa cheupe safi. Mkono wa Béata uliishika ili mtu ajue ukubwa wake. Waliandika kilo na bei, wakamtumia Emérita awaonyeshe rafiki zake wa Goma. Kavuo aliwaonya juu ya pesa ya simu pia. "Kode yako ya siri, hata muntu akisema yeye ni wa réseau, usimupatie. Yule ni mwizi. Na kama muteja anakutumia picha ya message ya kusema amelipa, usiangalie picha. Angalia kama pesa imeingia kwako. Picha si pesa."

Siku ya tatu Dusabimana alipata wazo lake mwenyewe. Aliona watu wa Goma wanauliza, "Ni fromage ya Masisi ya kweli?" Akasema moyoni, nitawaonyesha. Alimsimamisha Bihogo mbele ya nyumba, akampiga picha. Nyuma yake kilionekana kilima, na mnara wa kanisa. Chini akaandika: "Huyu njo anatoa maziwa. Fromage zinatoka Jeudi asubuhi," yaani Alhamisi. Akaituma kwa watu wote, akajisifu.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa Kavuo.

"Papa Tumukunde, futa ile picha!"

"Kwa nini? Iko picha muzuri."

"Futa kwanza, kisha tutaongea."

Dusabimana alifuta. Kavuo akashusha sauti.

"Picha inatembea kuliko wewe. Umeonyesha ng'ombe. Umeonyesha nyumba. Umeonyesha kanisa, ju asiyejua njia asipotee. Umesema na siku ya kutoka. Muntu wa kunyang'anya, anabakisha kukuuliza nini?"

Dusabimana alikaa chini palepale nje. Alilikumbuka zizi tupu la Mama Nyiramana. Tangu siku ile hakulala vizuri kwa siku tano. Alimfunga Bihogo karibu na dirisha lake. Mungu alisaidia, hakuna aliyekuja. Lakini alijifunza: duka la mtandaoni linaonyesha bidhaa, bei na namba ya simu. Halionyeshi nyumba, wala zizi, wala siku ya safari. Siku ya kutuma mzigo unamwambia mteja mwenyewe peke yake.

Wiki ya kwanza ikawa karibu kuisha. Watu waliangalia katalogi. Walituma vidole gumba na mioyo myekundu. Béata alihesabu mioyo kumi na tisa, lakini hakuuza jibini hata moja. Jamaa mmoja tu aliagiza jibini nne na kutuma picha ya ujumbe wa malipo. Béata aliangalia pesa zake. Hakukuwa na kitu. Hakutuma jibini, na jamaa yule hakuandika tena.

"Mioyo haichemshwe," alisema Dusabimana. "Ijumaa inakuja."

Béata alikwenda chumba cha nyuma, akaanza kugeuza jibini moja moja. Mikono ikifanya kazi, kichwa nacho hufanya kazi. Alimkumbuka Papa Nzanzu na macho yake yaliyofumbwa. Akasimama katikati ya chumba.

"Papa Tumukunde!" aliita. "Tumesahau kuonjesha! Nani atanunua fromage bila kuonja? Hata Nzanzu, na alitujua miaka minne, alionjaka kila mara. Telefone inaonyesha tu. Haionjeshe."

Siku ya Alhamisi barabara ilifunguliwa kwa saa chache. Béata alimpa mwendesha pikipiki wa mboga jibini mbili ampelekee mdogo wake Emérita, Goma. Kisha alimpigia Emérita simu. "Dada, usiuzishe. Kata kidogokidogo. Dimanche, watu wakitoka misa, uwaonjeshe. Na kila muntu anayesema iko bien, umuombe namba yake, umuonyeshe katalogi."

Jumapili ile Béata hakupata utulivu hata kanisani. Padri alihubiri, yeye akawaza sahani ya Emérita. Saa saba mchana simu ilitoa mlio. Kisha mlio mwingine. Kisha ikawa inalia mfululizo, mpaka Dusabimana akauliza kama imeharibika.

"Mama Béata, nimeonja. Iko bien. Unitunzie mbili."

"Na mimi moja ya kilo mbili."

Mama mmoja anayeitwa Rosalie, mwenye mgahawa, aliandika: "Nane. Na kila mwezi nane." Béata alilisoma lile neno mara tatu. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kufikia Jumatano jibini ishirini na sita zilikuwa na wenyewe. Béata alibandika karatasi ndogo juu ya kila moja, na jina la mnunuzi. Pesa ziliingia kwenye simu, naye aliangalia kila moja imeingia kweli. Alhamisi asubuhi habari ilikuja kwamba magari yanapita. Hakuna aliyekimbia kutafuta wateja. Walipakia makasha manne kwenye lori la kabichi, na kabla ya saa sita lori likaondoka.

Ijumaa yule mnunuzi wa ng'ombe alikuja na kamba mkononi. Alimkuta Dusabimana anafagia zizi.

"Papa, nimefika. Iko wapi ule mwekundu?"

Dusabimana aliegemea fagio. Alimtazama mkewe, aliyesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nyuma yake mbao zilikuwa karibu tupu.

"Iko malishoni," alisema Dusabimana. "Hauzishwe. Pole kwa safari, baba. Kaa, mama akupatie fromage uonje."

Mnunuzi yule alionja, akanunua moja, akaenda zake na kamba yake.

Miezi minne baadaye Bihogo alizaa. Mvua ilikuwa inanyesha, na Dusabimana ndiye aliyempokea ndama. Alimgeuza, akatazama, akapiga kelele iliyowaamsha majirani. Alikuwa mtamba.

Ndama alipoacha kunyonya, walimpeleka kilima cha pili. Mama Nyiramana alikuwa ameketi mbele ya nyumba. Aliwaona wanapanda, Béata mbele, Dusabimana nyuma, na katikati yao ndama mwekundu kama mama yake. Alisimama kwa shida, akaingia ndani, akatoka na fimbo yake ya kuchungia. Aliishika kwa mikono miwili, akalia. Béata naye alilia.

"Nilisikia mulitaka kumuuzisha Bihogo," alisema yule mama mwishowe.

"Tulitaka, mama," alisema Dusabimana. "Mimi njo nilitaka. Nilifikiri duka inanunuliwa kwa ng'ombe."

Mama Nyiramana alimfungulia ndama zizi lake. Ndama aliingia, akanusa nyasi mpya, akalala katikati kama mwenye nyumba. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Dusabimana alitoa simu mfukoni. Aliinua, akampata ndama vizuri, na yule mama kando yake na fimbo.

Kisha akaishusha simu, akairudisha mfukoni.

"Huyu," alisema, "tutamuangalia na macho."